Ziwa Lisilokuwepo Kwenye Ramani

Nilipolitafuta ziwa ndani ya modeli yetu ya hali ya hewa, halikuwepo.

Ziwa Nyasa, jamani! Si bwawa la kufugia samaki, si dimbwi la masika. Ziwa ambalo ukisimama ufukweni unatazama maji mpaka macho yanachoka. Nikavuta picha karibu, nikavuta tena, nikidhani nimechoka mimi. Pale lilipopaswa kuwa, miraba yote ilikuwa na alama moja: nchi kavu, majani mafupi.

Kilichonipeleka kulitafuta ni nguo za mama. Asubuhi ile alinipigia kutoka Ahueni, mji mpya wa ufukweni walikohamishiwa watu wa milimani, akaanza kulalamika kama kawaida yake. Mama yangu, Subilaga, asipolalamika ujue anaumwa.

"Tuse, huku mlikotuleta nguo hazikauki. Nimefua kanga juzi, mpaka leo mbichi, inanuka uvundo. Na mwili wangu vivyo hivyo. Natoka jasho, linakaa. Linakaa tu, mwanangu, haliondoki."

"Ni joto la Novemba, mama. Washa feni ya maji."

"Inawaka mchana kutwa! Na madirisha nimefunga kama walivyotufundisha. Bado."

Nikamwambia nitaangalia, nikacheka, nikakata simu. Kisha nikaifungua modeli.

Maana Ramani ya Makazi, ile tunayoichora sisi kuonyesha watu wahamie wapi, ilisema hewa ya Ahueni itakuwa kavu kwa miaka thelathini ijayo. Ndiyo sababu mahali pale palipakwa kijani, rangi ya mahali salama. Joto lake litakuwa kali, sawa, lakini joto kavu mwili unalimudu: jasho linakauka, linaondoka na joto, mtu anaishi. Wajenzi nao waliisoma Ramani hiyo hiyo, wakaweka katika kila nyumba feni inayopuliza hewa kupitia kitambaa kilicholowa maji. Kwenye hewa kavu, feni ile ni pepo. Kwenye hewa yenye unyevu, kuiwasha umefunga madirisha ni sawa na kumweka mtu kwenye chungu cha mvuke na kufunika kifuniko.

Na kanga haikai mbichi siku mbili kwenye hewa kavu. Hilo halihitaji shahada.

Niseme kidogo kazi yetu ilivyo, msije mkadhani ni ramli. Kuna modeli ya dunia, ambayo imekata sayari nzima miraba mikubwa, mikubwa kiasi kwamba mlima na bonde lake wanalala kitanda kimoja. Inafaa kwa wakubwa wanaojadili bahari na barafu. Haikwambii lolote kuhusu shamba lako. Sisi wa Mbeya tuna modeli ya kanda. Tunachukua kipande kimoja cha dunia, tunakikata vipande vidogo mpaka kila mgongo wa kilima unapata mraba wake, kisha tunauliza: miaka kumi ijayo, ishirini, thelathini, hapa patakalika?

Lakini kipande hicho kina kingo, na upepo haujui kingo. Kwa hiyo ukingoni tunaazima. Upepo, joto na unyevu unaoingia kwenye kipande hicho, ambacho tunakiita kisanduku, tunauchukua kwa modeli ya dunia. Ukanda ule wa pembeni ni wa kuazima tu, si wa kuaminiwa. Kila anayeanza kazi anafundishwa hivyo siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Matokeo ya ukingoni yatupwe, na asiwekwe mtu pale.

Sasa Ziwa Nyasa ni refu na jembamba. Kwenye miraba mikubwa ya modeli ya dunia linamezwa na nchi kavu ya pande zote mbili, linapotea. Kulirudisha ni kazi yetu sisi wa kanda. Lakini ukingo wa kisanduku chetu ulipita hatua chache tu kusini mwa Ahueni, na ziwa lote likaangukia kwenye ukanda wa kuazima. Upepo uliopuliza Ahueni ndani ya kompyuta ulitoka kwenye majani makavu ambayo hayapo duniani. Mji wenyewe tulikuwa tumeuweka ukingoni kabisa.

Saini iliyo chini ya Ramani ile ni yangu: Tusekile Mwaisumo, Mkuu wa Makadirio. Na mama alikuwa amegoma kuhama. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa naye jikoni, nikambembeleza mpaka akakubali. Baada ya hapo vijiji vyote vinne vya mlimani vikamfuata. Walisema, kama mama wa mtaalamu kahama, sisi ni nani?

Nikapanua kisanduku, nikaliweka ziwa mahali pake, nikaiamuru kompyuta ianze upya.

*

Ilipomaliza kesho yake, nilitazama mara moja nikafumba macho.

Tuna kipimo tunachokiita joto la kitambaa. Chukua kipimajoto, kifunge kitambaa kibichi, kipulizie upepo. Kinachosomeka ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho mwili unaweza kujipoza kwa jasho. Kikifika nyuzi thelathini na tano, jasho halina kazi tena. Unaweza kukaa kivulini, uchi, na ndoo ya maji ya kunywa pembeni, na bado ukafa. Wazee na wagonjwa wanakwenda hata kabla ya hapo.

Kwenye modeli mpya, Ahueni ilikuwa inakaribia kipimo hicho katika muongo huu huu tuliomo. Mwishoni mwa miaka thelathini, kila Novemba ilikuwa na siku za namna hiyo zimepangana.

Nikapanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi Msokwa. Sikubisha hodi.

"Nani alikata kisanduku pale?"

Aliitazama picha niliyomwekea mezani, akavua miwani. "Mimi."

"Kwa nini, mzee?"

"Kompyuta zilikuwa na foleni, wizara inapiga simu asubuhi na jioni, inataka Ramani. Nikauliza kikaoni, tunapima watu au tunapima samaki? Nani anaishi majini? Kila mtu akacheka, tukapunguza kusini."

"Mimi sikuwepo kwenye kikao hicho."

"Saini yako ilikuwepo."

Angenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko pale.

"Na mlima?" akauliza. "Ukiliweka ziwa, mlima unakuwaje?"

Alikuwa ameshajua, mzee yule. Hakuwa mjinga. Ziwa lilipoingia, unyevu wake ulipanda nao mlimani, na mvua za huko zikazidi hata zile tulizotabiri mwanzo. Miteremko waliyohama, ile ambayo tayari ilikuwa na nyufa za kuingiza mguu, ilikuwa inakwenda kuporomoka, na mapema zaidi.

"Mlima nao ni kifo," nikasema.

"Mvua za milimani zimeanza?"

"Zimeanza wiki iliyopita."

"Basi nisikilize, Tusekile. Leo unawaambia watu Ramani ni ya uongo. Wanafanya nini? Wanabeba watoto, wanarudi kwenye migomba yao. Mlima unawashukia. Hapo atakayekuwa amewaua ni wewe, si modeli."

"Na wakikaa?"

"Wakikaa tuna muda. Mwaka, miwili. Tutafute pengine."

"Pengine wapi? Mbeya imefungwa kwa wahamiaji. Njombe imejaa. Sheria inasema Ramani haibadilishwi mpaka muongo uishe!"

"Funika kombe, mwanaharamu apite," akasema, polepole, kama anayejiambia mwenyewe. Akaichukua ile picha niliyomletea. Akaificha chini ya meza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nimefanya kazi na Msokwa tangu natoka chuoni na sijawahi kumwona akificha matokeo.

Nikatoka. Pale koridoni redio ya mlinzi ilikuwa inasoma utabiri wa kawaida, ule wa leo na kesho: kaskazini mwa ziwa upepo umekufa, mawingu mazito, joto kupanda mchana.

Nikampigia mama. Simu iliita, ikakatika. Nikapiga tena.

"Ee," akaitika. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mlevi, na mama yangu ni mlokole, hajui pombe ikoje.

"Mama, uko wapi?"

"Nimelala chini... sakafu ina baridi. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi Tuse! Zima feni, mama! Fungua dirisha!"

"Tuse yuko Mbeya," akasema, na simu ikanyamaza.

*

Sikumbuki vizuri njia ya kushuka. Nakumbuka Tukuyu mvua ilikuwa inanyesha na wipa hazitoshi, na nikawa nasali kwa sauti kubwa, mimi ambaye kanisani naenda Krismasi. Nakumbuka gari liliposhuka uwandani vioo vikaingia ukungu kwa nje. Kwa nje! Nikashusha kioo kidogo, hewa ikaniingia mdomoni kama supu.

Ahueni ilikuwa kimya. Mchana wa saa nane, mji mzima hauna mtoto anayekimbia wala mama anayetwanga. Milango imefungwa, madirisha yamefungwa, kila mtu ndani anafuata maelekezo, na kutoka kila nyumba unasikia feni zinavuma. Nilisimama barabarani nikasikiliza mvumo ule. Walikuwa wanafanya vile vile tulivyowafundisha.

Mlango wa mama nilikuta haujafungwa kwa komeo. Alikuwa sakafuni, ngozi yake ya moto, macho wazi lakini hayaniangalii. Nikapiga yowe. Aliyetokea ni jirani, Anyelwisye, fundi seremala, amevaa kaptula tu, mwili unameremeta jasho.

"Dada Tuse! Kuna nini?"

"Mbebe! Mpeleke ziwani, mtie majini mpaka shingoni, mshike kichwa!"

"Ziwani? Na mamba?"

"Mamba afadhali!"

Hakuuliza tena. Akamtupa mama mgongoni kama gunia la mpunga, akaanza kukimbia. Mlangoni kwake alipunguza mwendo, akachungulia ndani. "Baba! Uko salama?"

"Niko salama, nimelala," sauti ya Mzee Ndimbumi ikajibu. "Nenda na mgonjwa."

Akaenda. Mimi nikakimbilia ofisi ya kata, kwenye kipaza sauti.

Nikakishika. Hapo ndipo niliposimama kama mjinga, kidole kwenye kitufe, huku kila dakika ni roho ya mtu. Niseme nini? Nikisema yote, Ramani, ziwa, kisanduku, jioni ile ile barabara ya mlimani itajaa watu, na mvua niliyoiacha Tukuyu bado inanyesha. Nikisema nusu, watatoka ndani, watapona leo. Mungu anisamehe, nilisema nusu.

"Feni zina hitilafu! Zimeni feni, fungueni madirisha, tokeni nje! Wote mwende ziwani, muingie majini! Wazee na watoto wachanga kwanza! Feni zina hitilafu!"

Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Milango ikaanza kufunguka. Watu wakatoka wakiyumba, wanashikana, wengine wanatapika. Nilipofika ufukweni, mji wote ulikuwa majini. Vichwa tu, vichwa na vichwa, akina mama wamenyanyua watoto usawa wa kidevu, hakuna anayeongea. Vijana wamejipanga upande wa ndani wanapiga maji kwa mapanga kufukuza mamba. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile, na nilikuwa najua kwamba ile ilikuwa siku ndogo. Kipimo changu cha mkononi kilisoma joto la kitambaa nyuzi thelathini na mbili. Kwenye modeli zilikuwepo kubwa kuliko hiyo.

Mama alinitambua jua lilipoanza kupoa. "Gwe, wewe Tuse," akasema, "umekonda." Nikalia kama mtoto.

Anyelwisye alimkabidhi kwangu, akapanda kwenda kumchukua baba yake. Akakaa sana. Aliporudi alikuwa peke yake, na hakuhitaji kusema.

*

Kesho yake upepo ulirudi kidogo. Watu walinipokea kila nyumba niliyopita. "Ndaga fijo, mwanetu, asante sana." Bibi mmoja alinishika mikono yote miwili akaibusu. Walikuwa wananishukuru! Fundi umeme alikuwa anapita nyumba kwa nyumba anang'oa feni, na kila feni iliyong'olewa watu wanazidi kutulia, maana ubaya umepatikana, umeondolewa, yameisha. Kadiri walivyotulia ndivyo mimi nilivyozidi kuogopa.

Simu ya Msokwa ilinikuta uani kwa Anyelwisye. "Umefanya vizuri," akasema. "Iishie hapo hapo. Tafadhali, binti yangu. Mvua ya jana imekata barabara juu ya Tukuyu. Ukifungua mdomo leo watapita hapo hapo."

Nikakata bila kujibu.

Pale uani walikuwa wanachimba kaburi. Anyelwisye mwenyewe alikuwa ndani ya shimo, udongo unamfika kiunoni, wenzake wanapokezana jembe. Mwili wa Mzee Ndimbumi ulikuwa ndani, na wanawake walikuwa wanalia wimbo wa msiba. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, dhaifu, lakini uso wake una amani ambayo sikuwahi kuiona tangu wahame.

"Kaa hapa," akanivuta. "Unajua, tangu tuje mimi silali. Najiona mgeni. Mtu utalalaje mahali ambapo huna hata kaburi moja? Kule juu tuliacha wote, baba yako, dada yako. Nilikuwa nasema, siku yoyote nitarudi, hata kwa miguu. Wote tulikuwa tunasema hivyo, hatukukwambia tu."

"Na sasa?"

"Sasa tunaye mtu wetu chini. Mzee Ndimbumi ametufungulia ardhi hii. Ukishazika mahali, mwanangu, umefika. Huhami tena, hata serikali ije na bunduki." Akanipapasa mkono. "Wamesema wewe ndiye utakayetupia udongo wa kwanza baada ya mtoto wake. Maana wewe ndiye uliyetuleta."

Nilitazama lile shimo. Nikatazama vijiji vinne vimesimama kulizunguka, nguo zao za msiba zimelowa jasho lisilokauka. Mwili ukishashuka mle, hawa watu hawatahama tena. Watakaa hapa, Novemba hii na Novemba nyingine, watazaa hapa, na siku kubwa itawakuta hapa hapa. Na nikisema sasa, wapo watakaokwenda mlimani leo, na mlima hautawangoja.

Walimtoa Mzee Ndimbumi. Alikuwa mdogo ndani ya shuka. Mchungaji akafungua kitabu.

"Msimzike hapa," nikasema.

Mchungaji akanitazama. Nikasimama.

"Msimzike hapa. Feni hazikuwa na hitilafu. Ramani ndiyo yenye hitilafu. Tulisahau ziwa. Tulipima mahali hapa kana kwamba ziwa halipo, kwa hiyo tukasema hewa ni kavu, na si kavu, na haitakuwa kavu. Siku kama ya jana zitarudi. Zitarudi nyingi, na mbaya kuliko hiyo, na maji ya ziwa hayatatosha. Nilijua jana nikiwa kwenye kipaza sauti. Sikuwaambia."

Kilio cha msiba kilikatika katikati. Hapo ndipo niliposikia mawimbi.

"Kwa hiyo turudi!" mtu akapaza sauti nyuma. "Si nilisema? Turudi kwetu!"

"Mlimani msiende!" nikapiga kelele. "Mlima unaporomoka. Hilo hatukukosea, na mvua itakuwa kubwa zaidi. Mkienda leo mtakufa njiani. Naomba, jamani, naomba msiende!"

"Mjini basi," akasema mchungaji.

"Mbeya wamefunga. Njombe pia."

Mama alikuwa ananitazama kutoka mkekani, mdomo wazi. Anyelwisye akapanda kutoka kaburini taratibu. Alikuja mpaka mbele yangu na jembe mkononi, udongo mpaka mapajani. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari anipige. Lakini aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

"Dada Tuse. Jana nilimbeba mama yako nikamwacha baba yangu. Sikudai. Hapa umesema hapana. Juu umesema hapana. Mjini umesema hapana." Akanyoosha kidole kwenye shuka lile jeupe mikononi mwa waliombeba, ambao walikuwa bado wamesimama, hawajui wamweke chini au wamshike. "Wewe ndiye mwenye ramani. Tuonyeshe basi, tumzike wapi?"

Nikainua mkono, kwa mazoea tu, kama ninavyofanya mbele ya skrini wakubwa wanapouliza kijani kiko wapi. Ukabaki hewani. Vijiji vinne vikawa vinautazama, vinangoja uelekee upande wowote, na mama akaanza kulia.